Denis Burkitt, munganga wa jicho moja aliyechora karte ya ugonjwa

Kila mwaka vijana wa kwetu wanamaliza universite ya unganga na kuingia ndani ya mahospitali, Likasi, Lubumbashi na Kolwezi, juu ya kujifunza kazi kwa mukono. Kiisha wanaombwa kitu kingine tena: kila mumoja afanye uchunguzi wake mwenyewe, atafute jambo moja, alifuate mpaka mwisho, aliandike na kulieleza mbele ya waalimu wake. Njo hapo kilio kinaanzaka. Feza hakuna. Makina hakuna. Umeme unakatika. Muda hakuna, sababu wagonjwa wamelala mpaka chini. Na ku nyumba, baba mwenye kushuka ku mugodi na mama mwenye kuuza makala pa barabara wanauliza: huyu mutoto atamaliza lini? Kuna wenye kuchoka, wananunua kazi iliyoandikwa na mwingine, wanabadilisha jina tu. Tunajua vile, na nyinyi munajua.

Juu ya hiyo, leo tunapenda kuwaeleza maisha ya munganga mumoja aliyekufa zamani, lakini jina lake linasemwa kila siku katika mahospitali ya dunia nzima. Anaitwa Denis Burkitt. Hakuwa na labo kubwa. Alikuwa na jicho moja tu. Feza yake ya kwanza ya uchunguzi ilikuwa paundi 25 za Uingereza. Pamoja na hiyo, alifungua mulango ambao mabingwa wenye makina ya bei kali hawakuwa wameuona. Na alifungulia hapa kwetu, Afrika, kwa kazi ambayo mutu yeyote wa mugodi ataielewa haraka: alifanya kama wale wanaotafuta shaba kabla ya kuchimba. Aliuliza, akapima, akaweka alama juu ya karte, mpaka karte yenyewe ikaanza kusema.

Mutoto wa fundi wa barabara

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, muji mudogo wa kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake, James Burkitt, alikuwa enjenieri wa barabara na madaraja, mutu wa kupima inchi. Lakini huyo muzee alikuwa na kazi nyingine ya kupenda: ndege. Alikuwa anakamata ndege wadogo wa bustani yake, anawafunga pete ku muguu juu ya kutambua kila mumoja, kiisha anaandika juu ya karte: huyu anaishi hapa, yule anaishi kule, mupaka wao njo huu. Watu wenye kujua mambo ya ndege wanamuheshimu mpaka leo. Tukumbuke hiyo karte ya ndege, sababu mutoto aliiona, na miaka mingi nyuma yake atafanya vile vile na ugonjwa.

Denis alipokuwa na miaka 11, watoto walikuwa wanarushiana mawe, na jiwe moja likamupiga ku uso. Wanganga walimutoa jicho moja. Akabaki na lile lingine, na jicho la kioo pembeni yake.

Katika mwaka 1929 aliingia ku Trinity College, muji wa Dublin, kujifunza uenjenieri sawa baba yake. Masomo hayakumuendea vizuri sana. Kiisha akabadilisha, akaingia unganga, na hapo akapata mahali pake. Alimaliza mwaka 1935. Alifuata ile njia ambayo vijana wetu wanaijua: kulala ku hospitali, kuitwa usiku, kutumwa huku na huku na wakubwa, mpaka mwaka 1938 akapita mutihani wa wapasuaji huko Edinburgh. Alikuwa mukristo wa kusali sana, na alisikia ndani ya roho kama kazi yake iko Afrika.

Lakini alipoomba kazi ya unganga katika makoloni ya Uingereza, walimukataa. Sababu? Jicho moja. Walisema mupasuaji wa jicho moja hawezi. Basi akaingia ndani ya jeshi, sababu vita ilikuwa inawaka na jeshi lilitafuta wanganga. Jeshi likamutuma Kenya na Somalia, na njo vile alifika Afrika kwa mulango wa nyuma. Mwaka 1943 alioa Olive Rogers, mama mwenye kufanya kazi ya kutunza wagonjwa. Kiisha ya vita, mwaka 1946, ile serikali iliyomukataa ikamukubali. Ikamutuma Uganda.

Lira: uchunguzi wa kwanza, wa bure

Hapa tunapenda vijana wanganga wasikilize vizuri. Burkitt hakuanza na jambo kubwa. Alitumwa Lira, kaskazini mwa Uganda, hospitali ndogo yenye kubeba inchi kubwa. Kazi ilikuwa kupasua asubuhi mpaka magaribi. Kati ya wagonjwa wake kulikuwa wanaume wengi wenye busha, ule ugonjwa wa mapumbu kujaa maji na kuvimba. Munganga mwingine angepasua tu na kuendelea. Yeye akauliza kila mumoja swali moja la kuongeza: unatoka mukini gani?

Kiisha ya muda akaona jambo. Wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Upande wa mangaribi, ni wachache sana. Watu ni wale wale, chakula ni kile kile, lakini ugonjwa unachagua upande. Akaenda kupima wanaume wa sehemu mbalimbali, na hesabu ikaonyesha ukweli: tofauti ilikuwa kubwa. Ilifuata mahali ambapo wale wadudu wadogo wa ndani ya damu, wenye kubebwa na mbu, walikuwa wengi. Akaandika matokeo.

Hakuomba feza ya mutu. Aliongeza swali moja tu, tena alilifuata mpaka mwisho. Ule uchunguzi mudogo njo ulimufundisha njia ambayo ataitumia maisha yake yote: kama unataka kujua sababu ya ugonjwa, anza kwa kujua unaishi wapi na hauishi wapi.

Mutoto wa Mulago, mutoto wa Jinja

Mwaka 1948 Burkitt alihamishwa Kampala, ku hospitali kubwa ya Mulago. Miaka ikapita. Siku moja ya mwaka 1957, rafiki yake munganga Hugh Trowell, mwenye kutunza watoto, akamuita kuangalia mutoto mumoja wa miaka 5. Uso wa mutoto ulikuwa umevimba kila upande: mufupa wa taya juu na chini, kuume na kushoto. Meno yalikuwa yanacheza. Burkitt hakuwa ameona kitu sawa hiki. Kama ni usaha wa jino, ungeshika upande mumoja. Kama ni kansere ile waliyoijua, ingeanza mahali pamoja. Hapa ni pembe zote nne mara moja. Alipiga picha, akaandika, lakini hakuwa na jibu.

Majuma machache nyuma yake, alikuwa Jinja, pale maji ya Nile yanapotoka ndani ya ziwa. Katika hospitali ya Jinja aliangalia ku dirisha, akaona mama ameketi na mutoto wake. Uso wa mutoto ulivimba namna ile ile. Alitoka mbio kwenda kumupima. Mara hii, kupita uso, tumbo la mutoto lilikuwa na uvimbe vilevile.

Munganga akiona kitu cha ajabu mara moja, anaweza kukisahau. Akikiona mara mbili, lazima akae chini afikiri. Burkitt akarudi Kampala, akaanza kazi ambayo haina sifa: kufungua madaftari ya zamani ya hospitali. Alipitia kurasa kwa kurasa pamoja na karatasi za wanganga waliochunguza maiti na vipande vya nyama. Akaona kwamba watoto wengi waliokuja na uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe mahali pengine pia: figo, maini, ndani ya tumbo. Kabla yake, kila mumoja aliita sehemu yake kwa jina lake. Munganga wa meno alisema taya, munganga wa macho alisema jicho, mupasuaji alisema figo. Yeye akasema: ni ugonjwa mumoja, ni kansere moja ya watoto.

Tena haikuwa mupya. Munganga Albert Cook, aliyefika Kampala mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, alikuwa amechora watoto wenye uvimbe wa namna hii ndani ya maandishi yake miaka ya zamani sana. Karatasi ziliwekwa, hakuna mutu aliyeunganisha. Tunasema hii juu ya wote wenye kulinda madaftari ndani ya mahospitali yetu: usiache panya wale daftari. Kuna utajiri ndani yake, sawa mawe yenye shaba yaliyotupwa ku kilima cha takataka kabla watu hawajajua kuyasafisha.

Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za watoto 38 katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Na kiisha? Kimya. Karibu hakuna aliyejali. Habari za watoto wa Afrika, za munganga asiyejulikana wa hospitali ya mbali: watu walizisoma na kufungua ukurasa mwingine.

Paundi 25 na karte ya ukutani

Kimya hakikumuvunja. Munganga mumoja aliyetoka Afrika ya Kusini kutembelea Kampala, George Oettlé, alimuambia kwamba ugonjwa huu haupo kwao. Maneno hayo yalimuamsha Burkitt. Kama uko Uganda na hauko Afrika ya Kusini, basi kuna mahali katikati ambapo unaishia. Mupaka uko wapi? Na nani aliuweka?

Hapo alipata ile feza ndogo, paundi 25. Alifanya nini nayo? Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, na swali rahisi: munaona ugonjwa huu kwenu? Akazituma kwa posta ku mahospitali ya serikali na ya misioni, Afrika yote. Aliuliza wale ambao mara mingi hakuna anayewauliza: wanganga wa vichakani, walio peke yao na wagonjwa mia.

Majibu yakaanza kurudi. Kwa kila jibu la ndiyo, alichomeka pini ndani ya karte kubwa ya Afrika iliyopachikwa ku ukuta. Pini zikaongezeka. Polepole ukaonekana mukanda wenye kukata Afrika katikati, kutoka mangaribi mpaka mashariki, na mukia wenye kushuka kwa upande wa bahari mpaka Msumbiji. Ukifanya kazi na watu wa jeolojia, unajua furaha ya siku ile mutu anaunganisha alama zake kwa kalamu na kuona mushipa wa madini unatokea. Njo furaha hiyo.

Lakini karte ya barua haitoshi. Mutu anaweza kujibu vibaya, mwingine hajibu. Lazima uende kuona.

Safari ndefu ya mwaka 1961

Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na wenzake wawili, wote wanganga wa misioni. Mumoja ni Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, mutu mwenye kujua kutengeneza motokari sawa anavyojua kutunza wagonjwa. Mwingine ni Cliff Nelson. Motokari yenyewe ilikuwa Ford ya zamani, iliyonunuliwa kwa paundi 250. Walibeba vyuma vya kutengenezea, chakula, na kitabu cha picha za watoto wagonjwa.

Sisi watu wa Likasi, mwaka 1961 tunaukumbuka kwa namna nyingine. Muji wetu uliitwa bado Jadotville, Katanga ilikuwa imejitenga, na mwezi wa Septemba waserekali wa Ayalandi wa ONU walizungukwa hapa hapa mpaka wakaishiwa maji na masasi. Mwezi uliofuata, mutu mwingine wa Ayalandi alikuwa anapita ku inchi za jirani, lakini yeye alibeba kitabu cha picha.

Angalieni mupango wao, maana hapa njo kuna masomo. Hawakuondoka kwa kubahatisha. Kila hospitali walijua siku ya kufika. Kila mahali walifanya mambo yale yale: kuonyesha picha, kuuliza kama watoto wa namna hii wanaonekana, kuangalia madaftari, kuandika siku ile ile. Hawakubadilisha swali njiani. Juu ya hiyo, jibu la Tanganyika liliweza kulinganishwa na jibu la Malawi, la Zambia, la Msumbiji, la Rhodesia ya zaman zile. Kwa majuma 10 walitembea karibu kilometre 16,000, wakafikia mahospitali zaidi ya 50, mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Hakuna labo iliyokuwa ndani ya ile motokari.

Waliona nini? Karibu na mustari wa katikati ya dunia, ugonjwa ulikosekana ku inchi za juu kupita karibu metre 1,500. Ukishuka kwenda kusini, hiyo kipimo nayo ilishuka: karibu metre 900 huko Malawi na Zambia, na ukifika kusini zaidi, ugonjwa ulibaki tu ku inchi za chini karibu na bahari. Kwanza walifikiri ni urefu wa milima. Kiisha wakaelewa: mulima hauzuii ugonjwa, baridi njo inazuia. Pale usiku unapokuwa baridi sana, ugonjwa hauko. Pale mvua inapokosekana, hauko. Joto na mvua pamoja, uko.

Munganga Alexander Haddow, mwenye kuongoza labo ya virusi huko Entebbe, alipoona ile karte alitambua mara moja: ni karte ya mbu. Magonjwa yenye kubebwa na wadudu yanaishi hivi hivi.

Kutoka Kampala mpaka London

Kabla ya safari, mwezi wa Machi 1961, Burkitt alikuwa ametembelea London na kueleza habari hizi ku hospitali ya Middlesex. Watu hawakuwa wengi sana. Lakini nyuma kulikuwa kijana mumoja muchunguzi, Anthony Epstein, mwenye kutafuta virusi ndani ya kansere. Aliposikia joto, mvua na mipaka, moyo ulimupiga. Walipatana: Kampala itatuma vipande vya uvimbe kwa ndege, London itatafuta.

Karibu miaka mitatu walitafuta bila kupata. Halafu mwezi wa Desemba 1963 ndege moja yenye kubeba kipande cha uvimbe ilikosa kushuka London juu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yameharibika rangi, sawa kitu cha kutupa. Epstein hakutupa. Aliangalia, akaona chembe za kansere zenyewe zinaelea, ziko hai. Zikakubali kukua ndani ya chupa. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe hizo. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuonekana ndani ya kansere ya watu. Virusi hiyo inaitwa mpaka leo Epstein-Barr, na kansere yenyewe inaitwa kwa jina la Burkitt.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Burkitt na wenzake walidhani mbu njo anabeba ile virusi. Walikosea kidogo. Virusi ya Epstein-Barr inapita kwa mate, na iko ndani ya watu karibu wote wa dunia, Ulaya na Afrika. Kazi ya mbu ni nyingine: mbu analeta malaria, na malaria yenye kurudia rudia inachosha kinga ya mutoto na kuifungulia virusi mulango. Inchi yenye malaria ya mwaka muzima njo inchi ya kansere hii. Huko Zanzibar na Pemba, ambako kazi kubwa ya kufukuza malaria ilifanywa, kansere hii ilikosekana, hata kama pwani ya jirani iko nayo. Basi maelezo ya kwanza yalibadilishwa, lakini karte ilibaki ya kweli. Kijana muchunguzi asiogope kwamba maelezo yake yatarekebishwa kesho. Aogope kuandika hesabu ya uongo, sababu hiyo hakuna atakayeweza kuirekebisha.

Na baadaye, watu wa shirika la dunia la uchunguzi wa kansere waliendelea na kazi huko West Nile, Uganda: walichukua damu ya watoto karibu 42,000 na kuwafuata kwa miaka. Wazazi wa vijiji walikubali mikono ya watoto wao ichomwe. Tuwaheshimu nao. Majina yao hayako ndani ya vitabu, lakini bila wao hakuna kitabu.

Dawa

Karte peke yake haiponyeshi mutoto. Burkitt alikuwa mupasuaji, na kisu kilishindwa: uvimbe huu unakimbia sana, ndani ya siku chache unaongezeka mara mbili. Makina ya kuchoma kansere kwa nuru Uganda haikuwa nayo. Basi pamoja na wanganga wa Marekani, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen, alijaribu dawa mupya za wakati ule. Dawa zilikuwa chache, na mara nyingine mutoto alipata kidogo kupita ile ya Marekani. Matokeo yaliwashangaza: uvimbe uliyeyuka mbele ya macho. Si wote waliopona, lakini kuna watoto waliorudi nyumbani na kukua. Hii ilikuwa kati ya kansere za kwanza za dunia ambazo dawa peke yake iliweza kuponyesha, na mahali pake ilikuwa Kampala.

Maisha ya mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akaenda kufanya uchunguzi London. Hakupumzika. Aliendelea na njia yake ya swali moja na barua: kila mwezi alituma karatasi ku mahospitali mengi ya misioni, akiuliza magonjwa gani yanaonekana na yapi hayaonekani. Aliona kwamba watu wa vijiji vya Afrika, wenye kula unga usiosafishwa sana, maharagi, viazi na mboga, walikuwa mara chache na magonjwa ya matumbo yaliyojaa Ulaya. Mwaka 1979 aliandika kitabu cha kuambia Wazungu wasisahau makapi ya chakula. Si yote aliyosema yalithibitishwa, lakini leo wanganga wa dunia wanashauri watu kula vile. Wenye kuacha bukari na sombe juu ya mukate mweupe kila siku wafikiri kidogo.

Alikufa tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Aliacha bibi na mabinti watatu.

Tunabaki na nini?

Kwa vijana wanganga, tunaona mambo matano katika maisha haya. La kwanza, swali liwe dogo na litoke ndani ya kazi ya kila siku. Busha ya Lira ilitosha. La pili, tazama kwanza kilichokwisha kuandikwa, ndani ya vitabu na ndani ya madaftari ya hospitali yako mwenyewe. La tatu, panga mbele: nani, wapi, siku gani, swali gani, na usibadilishe swali katikati. La ine, usifanye peke yako. Burkitt alihitaji Trowell, Williams, Nelson, Haddow, Epstein, na wanganga wa mbali waliojibu barua. La tano, maliza. Andika matokeo hata kama ni madogo, hata kama watu watanyamaza. Kazi ya mwaka 1958 ilinyamaziwa, na miaka 6 nyuma yake ilizaa virusi ya kwanza.

Na hapa kwetu maswali hayakosi. Mutoto gani anakohoa, anaishi karibu na mugodi gani, anakunywa maji gani? Wanaume gani wanapumua vibaya, walifanya kazi ndani ya vumbi miaka mingapi? Malaria ya Mulungwishi inapanda mwezi gani, na inashuka mwezi gani? Hakuna swali ndani ya haya lenye kuomba makina kubwa. Yanaomba daftari, kalamu, ukweli na uvumilivu. Lakini mutu mwenye kununua kazi iliyoandikwa na mwingine anaiba mara mbili: anaiba feza ya wazazi wake, na anaiba jibu ambalo mutoto mugonjwa alikuwa analingojea.

Kwa wazazi tunasema hii. Kansere ya Burkitt ingali iko Congo. Kama taya la mutoto linavimba, kama meno yake yanacheza kabla ya wakati, kama jicho linasukumwa inje ao tumbo linakua haraka, usingojee. Usiseme ni jino tu, usiseme ni uchawi, usipitishe majuma nyumbani na dawa za kupaka. Mupeleke ku hospitali siku ile ile, sababu ugonjwa huu unakimbia, lakini ukiwahiwa na dawa zikiwepo, mutoto anaweza kupona. Na kila usiku, alale chini ya chandarua.